Fundi wa Kawaida ni Nani?

Malori yaendayo Tunduma hupita Mlowo, na mengine husimama hapo kwa sababu ya tairi. Tairi likichanika, fundi wa pancha hukata kipande cha tairi kuukuu, hukikwangua, hukipaka solusheni na kukibandika kwa ndani. Kingo huzichonga ziwe nyembamba, maana kingo nene hula tyubu.

Mhandisi wa kiwandani naye husumbuliwa na kingo. Katika tairi la radiali, aina ambayo Michelin waliiombea hataza mwaka 1946, mikanda ya nyuzi za chuma hulala chini ya kashata, na joto huanza kuibandua pembeni. Akibadili upana wa mkanda au pembe ya nyuzi kisha akaomba hataza, ataulizwa: fundi wa kawaida wa fani hii asingeliona hilo? Akikataliwa akakata rufaa, mabishano yote humhusu mtu ambaye hajazaliwa.

Kila mahakama humuumba kivyake. Marekani, tangu hukumu ya KSR dhidi ya Teleflex ya 2007, iliyohusu kanyagio la gari, fundi huyo ana akili ya kuunganisha vitu vinavyojulikana bila kuelekezwa na andiko. Yule wa Ofisi ya Hataza ya Ulaya, Munich, ni mwoga zaidi. Haitoshi kwamba angeweza kufika. Lazima ionekane kwamba angefika kweli.

Tofauti nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni kazi ya nani inahesabika. Uingereza, hataza ya ubao wa tanga ilianguka katika shauri la Windsurfing dhidi ya Tabur Marine, kwa kuwa kijana wa miaka 12 alikwisha kujiundia wake na kuutumia Hayling Island mwaka 1958. Marekani, hadi Machi 2013, matumizi yasiyoandikwa yalihesabika yakiwa ya nchini mwao tu. Ujuzi wa Mlowo ungepita kama haupo. Ulaya ingeupokea hata wakati huo, mradi uthibitishwe.

Na kwetu Tanzania? Zamani hataza iliyotolewa London ilisajiliwa tu hapa, fundi wake akiwa Mwingereza. Sheria ya Hataza ya 1987 ilituachia kipimo kilekile tukitumie wenyewe, na ARIPO, shirika la kikanda la miliki bunifu la Afrika lililoko Harare, lina Bodi yake ya Rufaa. Basi mafundi wa Mlowo wapigwe picha wakiwa kazini, na picha ziwekwe tarehe. Bila ushahidi, hakuna jaji atakayewahesabu.