Ukamilishaji wa Ununuzi wa Nyumba nchini Kenya

Ukamilishaji wa ununuzi wa nyumba ni hatua zinazoanzia kwenye mkataba wa mauzo na kuishia kwenye usajili wa mnunuzi kama mmiliki mpya. Anayenunua kwa mara ya kwanza hudhani mara nyingi kwamba akishalipa na kukabidhiwa funguo, nyumba ni yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, umiliki huhama pale tu uhamisho unapoandikwa katika daftari la ardhi. Kila hatua ya kabla ya hapo ipo ili fedha zisitangulie bila mali kufuata.

Upekuzi

Kabla ya saini yoyote, wakili wa mnunuzi hufanya upekuzi rasmi katika ofisi ya usajili wa ardhi au kupitia Ardhisasa, mfumo wa kidijitali uliozinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi. Cheti cha upekuzi huonyesha jina la mmiliki, ukubwa wa kiwanja, aina ya umiliki, na rehani au zuio lililowekwa juu yake. Mpimaji ardhi naye huenda kiwanjani kuthibitisha kuwa mipaka inalingana na ramani.

Cheti hicho pekee hakitoshi. Mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyohusu kiwanja cha Nyali, Mahakama ya Juu iliamua kuwa hati miliki iliyotokana na ugawaji usiofuata sheria haimkingi hata aliyeinunua baadaye. Ndiyo maana upekuzi wa kina hurudi hadi kwenye chimbuko la hati: nani aligawiwa ardhi hiyo mwanzo, na kwa utaratibu gani.

Mkataba na arbuni

Sheria ya Mikataba inataka mauzo ya ardhi yaandikwe, na kila anayetia saini awe na shahidi. Kwa desturi mnunuzi hutoa arbuni ya asilimia 10 ya bei, na pande mbili hupeana siku 90 za kukamilisha. Arbuni huwekwa kwa wakili wa muuzaji, ambaye huishikilia kwa niaba ya wote wawili mpaka mauzo yakamilike. Mnunuzi anayemkabidhi muuzaji fedha hizo mkononi hubaki bila kinga mauzo yakivunjika.

Ridhaa na vyeti

Ikiwa nyumba ni makao ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu iuzwe bila ridhaa ya mume na mke. Ardhi ya kilimo huhitaji kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Kisipopatikana, mauzo ni batili. Ardhi ya kukodishwa huhitaji idhini ya mkodishaji, ambaye mara nyingi ni serikali. Muuzaji huleta pia vyeti vya kutodaiwa: kimoja cha kaunti kuhusu ada za ardhi, na kingine cha Serikali ya Kitaifa kuhusu pango la ardhi, iwapo kiwanja ni cha kukodishwa.

Malipo na kodi

Siku ya kukamilisha, wakili wa muuzaji hukabidhi hati miliki halisi, hati za uhamisho zilizotiwa saini, nakala za kitambulisho na namba ya mlipakodi, pamoja na ridhaa na vyeti vyote. Kama bei inalipwa kwa mkopo, kwa kawaida benki haitoi fedha papo hapo. Wakili wake huandika ahadi rasmi kwamba salio litalipwa baada ya uhamisho na rehani kusajiliwa.

Mthamini wa serikali hukadiria thamani ya nyumba ili ushuru wa stempu ukokotolewe. Ushuru huo, unaolipwa na mnunuzi, ni asilimia 4 mijini na asilimia 2 mashambani. Nyumba ya mjini yenye thamani ya shilingi milioni 8 hutozwa shilingi 320,000, mbali na ada za wakili na za usajili. Sheria humsamehe ushuru huu anayenunua nyumba yake ya kwanza chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu. Muuzaji, kwa upande wake, hulipa kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida aliyopata.

Usajili

Hati zilizolipiwa ushuru hupelekwa kwa msajili wa ardhi, naye humwandika mnunuzi daftarini na kutoa hati mpya. Kwa nyumba za ghorofa, Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 humpa kila mwenye nyumba hati yake, pamoja na sehemu katika maeneo ya pamoja kama ngazi na maegesho, ambayo husimamiwa na shirika la wamiliki.

Baada ya usajili, wakili hufanya upekuzi mwingine ili kuthibitisha kuwa jina, namba ya kiwanja na rehani vimeandikwa sawasawa. Mnunuzi hubadilisha akaunti ya ada za kaunti, maji na umeme ziwe kwa jina lake. Penye mkopo, hati miliki hukaa benki hadi deni limalizike na rehani ifutwe daftarini.