Nani Huchagua Wimbo Unaofuata Redioni? Safari ya Kutoka Kisanduku cha Kadi hadi Tarakilishi

Leo tuweke simu na intaneti kando kidogo, tuzungumze kuhusu programu unayoisikia kila siku bila kuiona. Uko ndani ya matatu asubuhi, redio inacheza kibao kilekile ulichokisikia jana saa hiyohiyo, na abiria wa kando anasema, "Huyu mtangazaji anaupenda wimbo huu!" Mara nyingi mtangazaji hana hatia. Aliingia studio akakuta orodha imepangwa tayari, wimbo baada ya wimbo, saa baada ya saa. Iliyopanga ni programu, na programu hufuata kanuni ilizopewa na binadamu.

Kazi yangu ni kuandika programu, si kutangaza. Lakini nimeitwa mara kadhaa kwenye vituo vidogo vya FM kusaidia mitambo yao, na kila mara nimegundua kwamba ukitaka kuielewa programu ya kupanga muziki lazima kwanza ujue ilitoka wapi. Karibu kila kitufe kwenye kioo kina babu yake wa karatasi.

Kisanduku cha kadi

Mwaka 1949 Todd Storz na baba yake walinunua kituo cha KOWH mjini Omaha, Marekani. Televisheni ilikuwa inaanza kuwanyang'anya wasikilizaji, na redio ilihitaji mbinu mpya. Storz aliona kwamba watu wanaotia sarafu kwenye mashine za santuri mikahawani hawachagui nyimbo mia. Huchagua chache zilezile, tena na tena. Akaamua redio nayo icheze hivyo. Mtindo huo ukaja kuitwa Top 40, na Gordon McLendon wa kituo cha KLIF, Dallas, naye akauvumisha.

Ukishaamua kurudia nyimbo chache, unahitaji namna ya kuzirudia kwa mpango. Jibu lilikuwa kisanduku cha kadi. Kila wimbo uliandikwa kwenye kadi yake. Kadi zikagawanywa kwa makundi: vibao moto, vinavyopanda, vilivyopoa kidogo, na vya zamani. Ukutani kulikuwa na mchoro wa saa uliokatwa vipande kama chapati: dakika hii kibao moto, dakika ile cha zamani, hapa tangazo, pale habari. Mtangazaji alitoa kadi ya mbele ya kundi husika, akacheza wimbo, kisha akairudisha kadi nyuma kabisa.

Waliosoma sayansi ya tarakilishi wanaitambua mara moja: hii ni foleni. Anayetangulia kuingia ndiye anayetangulia kutoka. Watu wa redio walikuwa wakiendesha algoriti kwa vidole.

Tatizo la foleni hii lilikuwa vidole vyenyewe. Mtangazaji akikutana na wimbo asioupenda, aliuruka. Akiupenda mwingine, aliuvuta mbele. Na wako waliolipwa ili wauvute mbele. Mwaka 1959 na 1960 Bunge la Marekani lilichunguza hongo za namna hiyo. Alan Freed, mtangazaji aliyesaidia kulieneza jina la rock and roll, alipoteza kazi yake WABC mwaka 1959, na mwaka 1962 akakiri makosa mawili ya hongo ya kibiashara, akatozwa faini ya dola 300. Sheria ya mwaka 1960 ikaharamisha kupokea malipo ya siri ili wimbo uchezwe. Baada ya hapo vituo vingi viliwanyang'anya watangazaji uchaguzi wa nyimbo, vikampa mkuu wa muziki ofisini.

Kadi nyingine, huku kwetu

Hapa Kenya kadi ilikuwepo pia, lakini ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Enzi za Sauti ya Kenya, kabla jina la KBC halijarudi mwaka 1989, wasikilizaji walituma kadi za salamu. Uliandika jina lako na majina ya unaowasalimu, kisha ukangoja siku mbili, wiki, mwezi, hadi usikie unatajwa.

Hebu linganisha. Kadi ya Omaha ilibeba jina la wimbo na ilitoka kwa meneja. Kadi yetu ilibeba jina la msikilizaji na ilitoka kijijini kwa posta. Zote mbili ziliamua kitakachosikika hewani, ila mwenye neno hakuwa mmoja. Baada ya utangazaji kufunguliwa, Capital FM ikaingia hewani mwaka 1996, Kameme FM mwaka 2000, na nyingine nyingi zikafuata. Redio za kibiashara zilipokuja, kadi ya Omaha nayo ilikuja, ikiwa imeshageuka programu.

Tarakilishi inachukua kisanduku

Mwaka 1979 Andrew Economos, aliyekuwa amesimamia mifumo ya tarakilishi katika shirika la NBC, alianzisha kampuni ya RCS. Programu yao, Selector, ilifanya kazi ya kisanduku cha kadi, lakini kwa uangalifu ambao binadamu hauwezi. Kompyuta ndogo za bei nafuu zilipoenea miaka ya 1980, programu hiyo ikaenea nazo. MusicMaster, mshindani wake wa siku nyingi, naye alianza miaka hiyohiyo ya 1980.

Inafanyaje kazi? Inachukua nafasi moja kwenye mchoro wa saa, tuseme "kibao moto". Inaenda kwenye rundo la kundi hilo na kuchukua wimbo wa juu. Kisha inaupima kwa kanuni. Je, msanii huyu amesikika ndani ya saa moja iliyopita? Je, wimbo huu ulichezwa jana saa hiihii? Je, nyimbo tatu za polepole zitafuatana? Ukifaulu, unaingia. Ukishindwa, programu inajaribu wa pili, wa tatu, hadi kina cha utafutaji ulichoruhusu. Isipopata, ama inalegeza kanuni zile zinazoweza kuvunjwa, ama inaacha nafasi wazi ili mtu ajaze kwa mkono.

Sasa angalia jambo la hesabu linalowatesa wengi. Tuseme kundi la vibao moto lina nyimbo 6, na kila saa unacheza 2 kutoka humo. Siku nzima ni nafasi 48. Kwa kuwa 48 inagawanyika kwa 6 bila baki, kila wimbo utarudi kwenye nafasi 8 zilezile kila siku, daima. Aliye kazini saa mbili asubuhi atasikia wimbo mmoja mpaka auchukie, na mwingine hatausikia kamwe. Ongeza wimbo mmoja tu, ziwe 7. Hakuna namba inayogawanya 7 na 48 kwa pamoja isipokuwa 1, kwa hiyo ndani ya wiki moja kila wimbo utapita katika kila nafasi ya siku mara moja kamili. Hujabadilisha mtambo, hujanunua chochote. Wale waliokuwa na kisanduku walilijua hili kwa uzoefu. Sisi tunalijua kwa kigawo kikubwa cha shirika tulichofundishwa shule ya msingi.

Kanuni si hesabu peke yake

Hapa ndipo historia inapotugusa mfukoni. Mwaka 1996 Marekani iliondoa ukomo wa kitaifa wa idadi ya vituo ambavyo kampuni moja inaweza kumiliki. Clear Channel ikakua hadi vituo zaidi ya 1,000, na mwaka 2006 ikainunua RCS yenyewe. Yaani mmiliki mkubwa wa redio nchini mwake akawa pia mmiliki wa programu inayopanga nyimbo za washindani wake. Tangu mwaka 2014 kampuni hiyo inaitwa iHeartMedia.

Serikali nazo ziligundua kwamba anayetaka kulinda muziki wa nyumbani lazima azungumze na orodha. Kuanzia Januari 1971 Kanada ilivitaka vituo vya AM vicheze angalau 30% ya nyimbo za Kikanada. Vituo vikatii kwa ujanja: nyimbo hizo zikasukumwa kwenye saa ambazo watu wamelala. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi 35%, na kikaongezwa sharti kwamba asilimia hiyo itimie pia kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Ijumaa.

Ufaransa ilipita njia hiyohiyo. Sheria ya mwaka 1994, iliyoanza kutumika Januari 1996, ilidai 40% ya nyimbo za Kifaransa katika saa zenye wasikilizaji. Vituo vikachagua nyimbo chache za Kifaransa na kuzirudia hadi kiwango kitimie. Mwaka 2016 sheria ikajibu: nyimbo kumi zinazochezwa zaidi zikizidi nusu ya michezo yote ya nyimbo za Kifaransa, ile ziada haihesabiwi. Isome tena sentensi hiyo. Ni bunge zima limekaa kuandika kanuni ya programu ya kupanga muziki.

Na sisi? Mcheza kwao hutunzwa, wazee walisema, ila wasanii wetu wamelalamika miaka mingi kwamba hawatunzwi. Kiwango cha maudhui ya nyumbani kinachotajwa na kanuni za utangazaji Kenya ni 40%. Kwenye kituo kimoja, ambacho sitakitaja, nilionyeshwa ripoti kwa fahari: muziki wa Kenya ulikuwa umevuka kiwango. Nikaomba ripoti ileile igawanywe kwa saa. Picha ikageuka. Usiku wa manane ilikuwa Kenya tupu. Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, nyimbo za nyumbani zilihesabika kwa vidole.

Hakuna mtu aliyekaa chini kupanga dhuluma ile. Saa za asubuhi ziliomba kundi la vibao moto, na humo walikuwa wamejazwa wageni. Kanuni ya kasi ya wimbo ilikuwa isiyovunjika, na nyimbo nyingi za nyumbani hazikuwa zimeandikiwa kasi yoyote, basi programu ikazikataa kila asubuhi. Usiku, ambako kanuni zilikuwa legevu, zikapata pa kulala. Nani angejua? Msanii alijua tu kwamba simu hazilii, na jina lake halisikiki ndani ya matatu.

Mambo ya kuzingatia

Kwa yeyote anayekaa mbele ya programu hizi, haya ndiyo niliyoona yanasaidia:

1. Piga hesabu ya makundi kabla ya kuandika kanuni yoyote. Idadi ya nyimbo na idadi ya nafasi za siku zisiwe na kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Hii peke yake huondoa malalamiko mengi ya "mnarudia".

2. Kanuni zisizovunjika ziwe chache sana. Kila moja unayoongeza inapunguza nyimbo zinazoweza kupita. Kutenganisha msanii na msanii ni lazima. Mengine yaweke kwenye zinazovunjika, kwa mpangilio wa uzito.

3. Safisha majina. Kwa programu, "Sauti Sol" na "Sautisol" ni wasanii wawili. Sauti Sol walipofanya Short N Sweet na Nyashinski mwaka 2018, wimbo ule ulipaswa kufungwa kwa majina yote mawili, la sivyo wimbo wa Nyashinski unaweza kufuata papo hapo. Bien akitoa wimbo wake mwenyewe, iambie programu kwamba yeye na Sauti Sol ni nyumba moja.

4. Jaza taarifa za kila wimbo, kasi na hisia, siku unapouingiza. Wimbo usio na taarifa ni kama mgeni asiye na kitambulisho, mlinzi atamrudisha.

5. Kiwango cha muziki wa nyumbani kiweke ndani ya mchoro wa saa. Usikitafute mwisho wa mwezi kwenye ripoti. Ipe saa ya asubuhi nafasi zake za Kenya, zitakuwa hapo kila siku.

6. Hifadhi orodha ya kilichochezwa kweli. Orodha iliyopangwa si ushahidi, kwani mtangazaji huruka na habari huchelewa. Malipo ya wasanii yanatakiwa yafuate kilichosikika.

7. Soma orodha kwa macho kabla haijaenda hewani. Hakuna kanuni inayojua kwamba jana kulikuwa na msiba wa kitaifa.

Bei isikutishe. Rivendell ni programu huria inayoendeshwa kwenye Linux, na ina mpangaji wake mwepesi wa muziki wenye kutenganisha wasanii na nyimbo. LibreTime, iliyochipuka kutoka Airtime mwaka 2017, hukuwezesha kujaza vipindi kwa vigezo unavyoweka. Kituo cha kijamii chenye kompyuta moja nzee kinaweza kuanza na mojawapo.

Uzuri wa programu huria ni kwamba kanuni zake zinasomeka. Kadi ya Omaha ilifichwa ofisini kwa meneja, na kadi yetu ya salamu ilisomwa hewani kila mtu akisikia. Hakuna kinachokizuia kituo kuchapisha mchoro wake wa saa ili wasanii na wasikilizaji wauone. Ni ukurasa mmoja tu wa karatasi. Kama wewe ni msanii, au msikilizaji tu, ulizia ukurasa huo, na uanze na saa za asubuhi.