Dirisha la Kompyuta, Makaa ya Mchuchuma na Lumbesa

Ukimtajia mtu wa Njombe jina Mchuchuma, kitu cha kwanza kumjia kichwani ni makaa ya mawe. Inasemekana kuna tani milioni 428 zimelala chini ya ardhi ya Wilaya ya Ludewa. Septemba 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) lilitiliana saini na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ili yachimbwe makaa hayo pamoja na chuma cha Liganga, na ujengwe mtambo wa umeme wa megawati 600. Miaka 10 baadaye mtambo ulikuwa bado haujajengwa. Mali ni yetu, ila ufundi na mtaji tunausubiri kwa wenzetu.

Leo lakini siandiki habari za makaa. Nataka tuzungumzie madirisha ya kompyuta, yale yenye vitufe na menyu, na namna sisi Watanzania tulivyojifunza kuyatengeneza. Ukiitazama historia yake utaona inafanana sana na ya Mchuchuma.

Turudi nyuma kidogo. Serikali yetu ilifunga kompyuta ya kwanza pale Hazina mwaka 1965. Ilikuwa mashine kubwa ya hesabu, na mtu wa kawaida hakuwa na sababu ya kuiona. Mambo hayakwenda vizuri, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Ni miaka ileile ambayo Wachina na Watanzania walikuwa wakitandika reli ya TAZARA kupita Makambako kwenda Zambia.

Sasa angalia kilichokuwa kikitokea upande wa pili wa dunia. Mwaka 1968 Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu kule San Francisco kipanya kikisogeza alama kwenye kioo. Mwaka 1973 maabara ya Xerox huko California ikatengeneza Alto, kompyuta iliyotumia kipanya na kuonyesha kazi kwenye madirisha. Macintosh ya Apple ikaingia sokoni 1984, na Windows ya kwanza ya Microsoft 1985. Kwa maneno mengine, wakati wenzetu wanabuni dirisha, sisi tulikuwa tumefunga mlango. Siwalaumu wazee wetu. Fedha za kigeni zilikuwa haba na mashine zilikuwa zimetia hasara. Nasema tu kwamba mlango ulipokuja kufunguliwa, dirisha lilitufikia likiwa limeshamalizika.

Ndiyo maana kozi za kompyuta zilizoenea mijini miaka ya 1990 zilifundisha matumizi. Ulijifunza Windows, Word na Excel, ukapewa cheti, ukaenda kutafuta kazi. Ulijua kitufe kipo wapi. Aliyekiweka pale ni nani, na kwa nini pale, halikuwa swali la darasani.

Kwa wachache waliotaka kujua, mlango uliokuwa rahisi ulikuwa Visual Basic, iliyotoka mwaka 1991. Kabla yake, kutengeneza dirisha moja tupu la Windows kulihitaji kurasa za msimbo. Kwa Visual Basic ulichukua kitufe kwa kipanya, ukakiburuta hadi pale unapotaka, ukakibofya mara mbili na kuandika kifanye nini. Toleo la 6, la mwaka 1998, lilikaa kwenye maabara za vyuo miaka mingi hata baada ya Microsoft kuliacha.

Hapo mwanafunzi anakutana na wazo ambalo ndilo moyo wa kazi hii nzima. Programu za awali zilimwongoza mtu: ingiza jina, ingiza umri, basi. Programu ya madirisha inamsubiri mtu. Ndani yake kuna mzunguko usiokoma unaouliza: amebofya? Ameandika? Amefunga? Kila jambo hilo huitwa tukio, na kazi ya mwandishi wa programu ni kusema tukio fulani likitokea kifanyike nini. Mwenye usukani sasa ni mtumiaji. Nilipolielewa hilo (mimi ni mwandishi wa habari, si mhandisi) ndipo nilipoelewa kwa nini kujifunza kiolesura ni kujifunza kumfikiria mtu mwingine.

Na huyo mtu mwingine anaongea lugha gani? Swali hilo lilipata jibu zito mwaka 2004. Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya Kiswidi iitwayo IT+46, katika mradi ulioitwa Kilinux, ilitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice yenye menyu na vitufe vya Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu mbili. Kwanza, ilikuwa programu huria, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa ya mwenye mali. Pili, maneno yake yalikuwa yametengwa na msimbo, yakikaa kwenye mafaili yao, hivyo mtaalamu wa lugha aliweza kufanya kazi bila kugusa mashine ya ndani. Microsoft nayo ilitoa vifurushi vya Kiswahili vya Windows XP na Office 2003 katikati ya muongo huo. Vyake vilivaa juu ya programu iliyokuwapo, na si kila kitu kilitafsiriwa.

Hapo ndipo ilipoonekana kwamba dirisha lile lilijengwa kwa lugha nyingine. Kiingereza kina usemi mmoja wa kusema kitu hakikupatikana, na mwandishi wa programu anaubandika kwenye jina lolote. Jaribu kwa Kiswahili: mteja hakupatikana, faili halikupatikana, picha haikupatikana, kitabu hakikupatikana. Usemi mmoja unageuka minne, kwa sababu ya ngeli. Menyu inayosema “mpya” inauliza: ukurasa mpya, faili jipya, au kitabu kipya? Halafu kuna urefu. Kitufe kilichochorwa kutosha herufi nne za Kiingereza hakitoshi “Hifadhi”, chenye saba, na neno linakatika mkia. Mtafsiri hawezi kuyatibu hayo peke yake. Yanatibiwa na aliyeandika msimbo, kama alikufikiria wewe tangu mwanzo.

Ndiyo maana nasema kutafsiri dirisha ni jambo jema sana, lakini halitoshi. Na hili si suala la lugha tu, ni suala la pesa. Njoo tena Njombe. Mkulima wa viazi anaijua lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba hadi linazidi kilo 100 zinazoruhusiwa, huku bei ikibaki ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wamepiga kelele kwa miaka. Sasa fikiria ghala linanunua programu ya kupokelea mazigo. Kama fomu ina kisanduku kimoja tu, “idadi ya magunia”, basi lumbesa imehalalishwa na kompyuta. Gunia la kilo 130 litahesabiwa moja. Kama fomu inakataa kuhifadhi mpaka uandike kilo, mkulima ana risiti ya kudai haki yake. Tofauti kati ya fomu hizo mbili ni mistari michache ya msimbo. Anayeichagua ni yule anayejenga dirisha, na aliyeko ng'ambo hajawahi kusikia neno lumbesa.

Habari njema ni kwamba ufundi huu haungoji mwekezaji. Ukisakinisha Python kwenye Windows, inakuja na Tkinter, zana ya kutengenezea madirisha. Unaunda dirisha, unaweka kisanduku na kitufe, unakiambia kitufe kiite kazi gani kikibofywa, kisha unawasha mzunguko wa kusubiri matukio. Kompyuta mpakato ya mtumba inatosha. Intaneti ikikatika, programu inaendelea kufanya kazi, na kwa ghala lililo mbali na mji hilo si jambo dogo. Wengine wataniambia siku hizi ni simu tu. Sawa, lakini simu nayo inasubiri matukio vilevile. Ukijua hili umeshaanza kujua lile.

Makaa ya Mchuchuma yanahitaji mabilioni, mitambo na mikataba. Kijana wa Makambako anayetaka kujenga fomu yenye kisanduku cha kilo anahitaji mashine ya mtumba, umeme wa saa chache na mtu wa kumwonyesha hatua ya kwanza. Hao wa kumwonyesha wapo, wamesoma, wengine mnasoma hapa sasa hivi. Mkienda likizo nyumbani, chukueni mwanafunzi mmoja mmoja.