Historia ya Mate Yatemwayo Njiani



Katika tafakari yetu ya juma hili tumependa kuzungumzia jambo ambalo wengi huliona kuwa dogo mno, lisilostahili hata kutajwa mbele ya watu wenye heshima. Nalo ni tabia ya kutema mate na makohozi ovyo mahali penye watu wengi. Tunaiona kwenye vituo vya mabasi, sokoni, kandokando ya barabara, kwenye dirisha la daladala inayokwenda, na hata katika uwanja wa kanisa mara baada ya Misa. Anayetema hupita zake, na anayekuja nyuma hukanyaga. Akikemewa, hujibu kwamba njia ni ya wote, au kwamba huo ni usafi wa kizungu usiomhusu. Basi ni vema tuiulize historia, maana ina mengi ya kutufundisha juu ya jambo hili.

Tuanze na ya kwetu. Kwa Wamasai na Wakikuyu, mzee humbariki mtu kwa kumtemea mate kidogo, na anayepokea hujiona ametendewa heshima. Injili nazo zatusimulia kwamba Yesu alitumia mate alipomponya kipofu. Na Injili hizo hizo zatuambia kwamba siku ya mateso yake alitemewa mate usoni. Mate ni yale yale. Tofauti ni nia ya mtemaji kwa mtu aliye mbele yake. Lakini mate yatemwayo njiani hayana baraka wala tusi ndani yake, kwa sababu aliyeyatema hakumfikiria mtu yeyote. Na hapo hasa ndipo lilipo kosa lake.

Je, ni kweli kwamba wenzetu wa Ulaya walizaliwa na adabu hii? La hasha. Mwaka 1530, Erasmus wa Rotterdam, mwanazuoni mashuhuri aliyekuwa pia padre, alitoa kijitabu cha Kilatini juu ya adabu za watoto, akakiandika kwa ajili ya mtoto mmoja wa ukoo wa kifalme. Humo alimfundisha mtoto huyo kwamba anapotema mate ageuke pembeni asimrushie mtu, na kwamba kikianguka kitu cha kuchukiza chini, akifute kwa mguu. Alimwonya pia asipenge kamasi kwenye kofia wala kwenye nguo, bali atumie kitambaa. Kijitabu hicho kilitafsiriwa katika lugha nyingi na kusomwa shuleni kwa miaka mingi. Tukumbuke kwamba hakuna anayeandika kitabu kukataza jambo lisilotendwa. Ikiwa mtoto wa jumba la kifalme alihitaji kufundishwa hayo, basi usafi si tabia ya kuzaliwa nayo katika taifa fulani. Kila kizazi hulelewa nao upya. Wahenga wetu walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Miaka mia tatu baadaye somo hilo lilikuwa bado halijakamilika. Mwandishi Mwingereza Charles Dickens alipoizuru Marekani mwaka 1842, alistaajabishwa na mate ya tumbaku yaliyotapakaa kila mahali. Katika kitabu chake American Notes alieleza kwamba mahakamani hakimu alikuwa na chombo chake cha kutemea, shahidi chake, na mshtakiwa chake. Kuhusu mazulia ya Bunge, aliwashauri wageni wasiokote kitu kilichoanguka, hata kama ni pochi yao, bila kuvaa glavu. Hao walikuwa watunga sheria wa taifa kubwa, wala hawakuona aibu yoyote.

Kilichowabadilisha ni kifo. Tarehe 24 Machi 1882, huko Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Yeye mwenyewe alikadiria kuwa katika kila watu saba waliokufa, mmoja aliuawa na maradhi hayo. Sasa makohozi yakaanza kuogopwa. Madaktari waliamini kwamba yakikauka sakafuni hugeuka vumbi linalovutwa na wengine kwa pumzi, wakawaonya hata wanawake kwamba magauni marefu yanayoburura chini huyafagia makohozi ya njiani na kuyaingiza nyumbani. Mwaka 1896 jiji la New York lilipiga marufuku kutema mate mahali pa umma, na miji mingine mingi ikafuata kwa sheria na faini. Huko Kansas, daktari Samuel Crumbine alieneza wito wa kutotema mate njiani hata ukachapwa juu ya matofali ya kutandikia njia, na mwaka 1909 jimbo hilo likakataza kikombe kimoja cha maji kunywewa na watu wote mahali pa umma.

Tukiishia hapo, tutadhani kwamba faini na makemeo vyatosha. Lakini historia hii ina upande wa pili, nao unatuhusu sana. Mwaka 1889 daktari Mjerumani Peter Dettweiler alikuwa amebuni kichupa cha buluu chenye kifuniko, cha kubeba mfukoni, ili mgonjwa wa kifua apate mahali pa kutemea asiwadhuru wengine. Wazo lilikuwa jema kabisa. Lakini aliyekitoa mfukoni mbele za watu alijulikana papo hapo kuwa ni mgonjwa, na watu wakamkimbia. Hivyo yule aliyejitahidi kuwakinga wenzake ndiye aliyeaibishwa, na yule aliyeficha ugonjwa wake akakaa nao kwa amani. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kifo hakikumuumbua mfichaji peke yake, bali kiliwafikia pia wale aliolala nao chumba kimoja.

Aidha, sayansi ilikuja kuonyesha kwamba hofu yenyewe ilikuwa imelenga pembeni kidogo. Mwaka 1897 Carl Flügge alionyesha kwamba mtu akikohoa au kusema hurusha matone madogo mno yenye vijidudu. Katika miaka ya 1950 huko Baltimore, watafiti waliwavutisha simbilisi hewa iliyotoka katika wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu, na baadhi yao wakaambukizwa kwa hewa hiyo tu. Basi anayetema barabarani anakosa adabu na anachafua mahali pa wote. Lakini anayekohoa bila kufunika mdomo ndani ya basi lililofungwa madirisha ndiye wa kuhofiwa zaidi, hata awe nadhifu na amevaa tai.

Nchi yetu ya Tanzania ina sehemu ya heshima katika historia hii. Mwaka 1977 ulianzishwa mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, kwa msaada wa daktari Karel Styblo. Njia yake ilikuwa rahisi kuieleza: makohozi ya anayekohoa yapimwe kwa hadubini, jina lake liandikwe daftarini, ameze dawa chini ya uangalizi, na afuatiliwe mpaka apone. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza utaratibu wa namna hiyo ulimwenguni kote. Baadaye, huko Morogoro, hata panya buku walifunzwa kunusa sampuli za makohozi, nao wakagundua wagonjwa ambao hadubini iliwakosa. Tazameni basi jinsi mambo yalivyogeuka: makohozi yale yale ambayo mtu huyatupa njiani kwa dharau, yakiwekwa katika kikopo cha zahanati, yanaweza kumwokoa yeye na nyumba yake yote.

Ndugu wapendwa, tunajifunza nini? Kwanza, tuwafundishe watoto wetu kutema penye choo au katika karatasi ya kutupwa, kukohoa katika leso au kiwiko, na kunawa mikono kwa sabuni; na viongozi wa jumuiya wahakikishe kwamba penye mkusanyiko pana choo, maji na pipa la taka, maana si haki kumdai mtu usafi bila kumwonyesha mahali pa kuutendea. Pili, anayekohoa kwa majuma mawili au zaidi aende kupimwa. Katika vituo vya umma dawa hutolewa bila malipo, na anayezitumia ipasavyo kwa kawaida huacha kuambukiza baada ya majuma machache. Tatu, anayekohoa tusimnyoshee kidole wala kumhamia benchi. Macho yetu ya kukinai ndiyo yanayomfukuza zahanati na kumrudisha gizani.

Erasmus alimalizia kijitabu chake kwa neno ambalo wengi waliokariri kanuni zake walilisahau: kwamba sehemu kubwa kabisa ya adabu ni mtu kujichunga asikosee, huku akiwa mwepesi wa kusamehe makosa ya wengine. Ndiyo maana kumkemea ndugu kwa upole, huku tukimpa leso, ni bora kuliko kumcheka.