Katoni 11 za Sabuni

Nyumbani kwetu hakuna anayesema "Babu alifungwa." Tunasema "Babu alipochukuliwa." Kwa miaka mingi nilidhani ni adabu ya wakubwa tu, namna ya kulipunguzia jambo uzito. Nilipoanza kusoma historia ya miaka ile ndipo nikagundua kuwa Bibi alikuwa akitumia neno sahihi. Babu hakufungwa, kwa sababu hakuhukumiwa. Alichukuliwa mwishoni mwa Machi 1983, akarudi Novemba, na katikati hapo hakusomewa shtaka lolote.

Niseme mapema: Babu hakuwa malaika. Alikuwa na duka katika mji mdogo wa kandokando ya reli mkoani Tanga. Bibi, ambaye hana tabia ya kupamba mambo, ameniambia zaidi ya mara moja kwamba chini ya kitanda chao kulikuwa na katoni 11 za sabuni, wakati dukani Babu akiwaambia watu sabuni hakuna. Waliojua kugonga mlango wa nyuma jioni waliipata, kwa bei nyingine. Kwa lugha ya wakati ule, Babu alikuwa mlanguzi.

Ili kuelewa uzito wa neno hilo, inabidi kukumbuka hali ya nchi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwaka uliofuata vikaja vita vya Kagera, vilivyokula fedha ambazo nchi haikuwa nazo. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1979, fedha za kigeni zikakauka, viwanda vikakosa malighafi. Bei za bidhaa zilipangwa na serikali, na bidhaa zilipita katika mashirika ya umma, lakini chini ya bei hizo za karatasi hapakuwa na kitu cha kununua. Watu walipanga foleni ya sukari, unga, mafuta ya kula. Mama yangu, aliyekuwa darasa la tano, anakumbuka kufuliwa sare ya shule kwa majani ya mpapai. Anayeficha sabuni katika nchi ya namna hiyo hachezi. Anaumiza watu, na watu walikuwa na haki ya kumkasirikia.

Hasira hiyo ilipata kiongozi. Edward Moringe Sokoine alirudi kuwa Waziri Mkuu mwezi Februari 1983, na kabla Machi haijaisha alikuwa ametangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Mpaka leo ukimtaja Sokoine kijiweni utasikia sifa: hakuwa mla rushwa, hakujilimbikizia, alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa na muda. Siandiki haya kumpinga mtu huyo. Naandika kwa sababu ni mtu mwema aliyeendesha jambo hilo, na hapo ndipo somo lilipo.

Msako ulipoanza, hofu ilitangulia mbele ya polisi. Bibi anasimulia kwamba usiku ule mtaa mzima haukulala. Jirani mmoja alitumbukiza vitenge chooni. Mwingine alibeba magunia mpaka mtoni, asubuhi watoto wakakuta sukari imeganda kwenye matope. Babu alikataa kutupa. Alisema, "Sabuni nimenunua kwa fedha yangu, na kama nina kosa watanipeleka mahakamani, nitatozwa faini." Aliamini kuna utaratibu. Alikamatwa kabla ya alfajiri.

Jambo ambalo Babu hakulijua, na asingeweza kulijua, ni kwamba sheria ya kumshika ilikuwa bado haijatungwa. Watu walikamatwa kwanza, sheria ikafuata. Bunge lilipitisha Sheria ya Uhujumu Uchumi ya 1983 baada ya msako kuwa umekwishaanza, na sheria hiyo ikahesabiwa kuwa imeanza kutumika tangu tarehe 25 Machi, yaani nyuma ya siku iliyopitishwa. Iliunda baraza maalumu la kusikiliza kesi hizo, na mahakama za kawaida zikawekwa kando. Mshtakiwa hakuruhusiwa wakili. Dhamana hakuna. Mtu aliweza kupewa kifungo kirefu kwa utaratibu ambao haukuwapo siku alipofanya jambo lenyewe.

Nilipokuwa chuoni tulijadili sheria hiyo katika semina. Mwenzetu mmoja akauliza swali ambalo sijalisahau: "Sasa mlitaka wafanyweje? Watu wanakufa njaa, nyie mnazungumzia wakili?" Darasa lilicheka, na mimi nikacheka nao. Sikusema kuwa namfahamu mmoja wa "wao".

Swali lile lina historia ndefu kuliko 1983. Tanganyika ilipopata uhuru, viongozi walikataa kuweka Hati ya Haki katika Katiba. Hoja yao ilieleweka: nchi changa ina kazi ya haraka, na majaji wengi walikuwa wageni, haki za mtu mmoja mmoja zisije zikawa kizuizi cha maendeleo ya wengi. Mwaka 1962 ikaja Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumshikilia mtu bila kesi. Mwaka 1963 ikaja Sheria ya Adhabu za Chini. Aliyepatikana na hatia ya rushwa, wizi wa mifugo na makosa mengine yaliyotajwa alipata angalau miaka miwili jela na viboko 24: 12 vya kuingilia, 12 vya kutokea. Wazee bado wanamalizia kwa kicheko kwamba vile vya kutokea ni vya kwenda kumwonyesha mkeo. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliikumbushia sheria hiyo mwaka 1995 alipokuwa akikemea rushwa, kama mfano wa enzi ambayo serikali haikuwa na mzaha.

Viboko hivyo vilifutwa mwaka 1972, vikarudishwa mwaka 1989. Sivitetei. Hakimu alifungwa mikono. Mazingira ya mkosaji yalipewa nafasi ndogo sana. Ila hata sheria ile kali ilikuwa na kitu ambacho ile ya 1983 ilimnyima Babu: kosa lilitajwa kabla, adhabu ilihesabika, na hesabu ilikuwa na mwisho. Mtu alijua kiboko cha 24 ni cha mwisho.

Miezi minane Babu alikaa mahabusu katika mkoa wa jirani. Bibi alisafiri mara tatu kumtafuta, mara mbili akaambiwa jina halipo. Novemba aliachiwa pamoja na wengine, bila kesi na bila karatasi. Hakuna aliyemwambia kuwa ana hatia, wala kuwa hana. Sabuni hazikurudi.

Kisha historia ikafanya jambo ambalo, kila nikilisoma, linanishangaza. Mwaka huohuo wa 1983, chama kilikuwa kimefungua mjadala wa kurekebisha Katiba, na madai ya Hati ya Haki yakasikika kwa nguvu, Bara na Zanzibar. Sokoine alifariki katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Mwaka huo sheria ya 1983 ikafutwa, ikatungwa nyingine iliyorudisha kesi hizo Mahakama Kuu na kuwaruhusu mawakili. Na mwaka huohuo Hati ya Haki ikaingia katika Katiba.

Soma ibara ya 13(6). Inasema mtu ana haki ya kusikilizwa kikamilifu na ya kukata rufaa. Inasema asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Inasema asiadhibiwe kwa tendo ambalo halikuwa kosa alipolitenda, wala kwa adhabu kubwa kuliko iliyokuwapo wakati huo. Inakataza mateso na adhabu za kudhalilisha. Wengine wataisoma kama maneno yanayopatikana katika katiba nyingi duniani, na ni kweli. Mimi naisoma kama orodha ya mambo yaliyompata Babu mwaka mmoja tu kabla.

Hata hivyo serikali ilijipa muda: haki hizo hazikuweza kudaiwa mahakamani mpaka Machi 1988. Na kesi zilipoanza, hazikuletwa na watu wapole. Mmoja wa waliofungua njia ni Daudi Pete, aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu na kunyimwa dhamana kwa sababu sheria iliifunga kwa kosa hilo. Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alisema kifungu hicho kinapingana na Katiba, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ikakubali kuwa ni batili. Mipaka ya dola ilipimwa kwa mtu aliyetuhumiwa unyang'anyi, kama ilivyopaswa kupimwa kwa mlanguzi wa sabuni. Kwa anayependwa na kila mtu hakuna haja ya kuipima.

Maneno "uhujumu uchumi" bado yapo katika sheria zetu, na bado yako makosa yasiyo na dhamana. Miaka michache iliyopita kigogo mmoja alikamatwa, akakaa mahabusu huku kesi ikiahirishwa na kuahirishwa. Niliisoma habari hiyo kwenye simu, nikasema kwa sauti, "Safi, akae hukohuko." Bibi alikuwa ukumbini akichambua mchele.

"Amehukumiwa?" akauliza.

"Bado, Bibi. Lakini kila mtu anajua aliiba."

Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Na babu yako kila mtu alijua."

Nikamuuliza basi alitaka Babu afanyweje. Alifikiri kidogo. "Angetozwa faini. Angefungwa hata mwaka, mjukuu wangu, maana kosa lake nalijua, na waliokosa sabuni nawajua. Pale mtaa wa pili alikuwako mwizi wa ng'ombe, akafungwa miaka yake, akarudi, akaoza mabinti, watu wakasahau. Yeye alimaliza. Babu yako hawakumpa cha kumaliza."

Babu hakufungua tena duka. Aliishi mpaka mwaka 1999, na ninachokumbuka zaidi kwake ni kwamba alikuwa akinituma dukani kununua sabuni kipande kimoja, kikiisha ndipo kingine. Mama alipomletea mche mzima kutoka Dar es Salaam, aliukata vipande, akabaki na kimoja, vingine akavigawa kwa majirani siku ileile kabla jua halijazama.