Mwungwana na Mshenzi



Tunaposema leo, "Yule ni mwungwana," tunamsifu mtu kwa adabu na utu wake. Zamani neno hili halikupima tabia. Katika miji ya pwani, kama vile Lamu, Mombasa na Zanzibar, mwungwana alikuwa mtu huru, mzaliwa wa watu huru. Kinyume chake alikuwa mtumwa. Nao watu wa bara, wasiofuata dini wala desturi za mjini, waliitwa washenzi. Hivyo kila mtu alikuwa amekwisha kupangiwa daraja lake kabla hajafungua kinywa.

Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kufika Manyema, katika Kongo ya leo. Wengi wa watu wa misafara hiyo walikuwa watumwa, au waliwahi kuwa watumwa, na baadhi yao walizaliwa huko huko bara. Pwani hawakuhesabiwa kuwa waungwana. Lakini walipofika mbali walijiita waungwana, na wenyeji wakawaita washenzi. Athari yake imebaki katika lugha: Kiswahili cha mashariki ya Kongo kilikuja kuitwa Kingwana.

Ndugu zangu, tulitafakari jambo hili. Aliyedharauliwa hakuivunja ngazi ya dharau. Alipanda kidato kimoja tu, akatafuta wa kumkanyaga. Ndivyo yalivyo majivuno ya tabaka: hayawezi kusimama bila mtu wa kuwa chini.

Mwaka 1868, katika Bagamoyo hiyo hiyo, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni, wakawapokea watoto waliokombolewa utumwani. Injili waliyoihubiri inamtangaza Bwana aliyetwaa hali ya mtumwa. Mbele ya Bwana huyo, nani atajivunia kuzaliwa kwake?

Sheria ilifuta utumwa Zanzibar mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Lakini sheria haifiki moyoni. Twasikia bado: "Huyo mshamba," "Huyo wa kuja tu," "Huyo hakusoma." Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anawakemea waamini wanaompa tajiri mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri, na kumwacha maskini asimame. Tujiulize: je, katika jumuiya zetu ndogo ndogo, neno la maskini husikilizwa sawa na la mwenye gari?

Wahenga walikwisha kulisahihisha neno hili waliposema: uungwana ni vitendo. Waliuondoa katika ukoo, wakauweka mikononi mwa kila mtu. Juma hili, basi, tumtafute yule tuliyezoea kumpita bila salamu, tumwamkie kwa jina lake.