Mchakamchaka na Moyo wa Kijana: Historia ya Mazoezi Babati

Vijana wa Babati walikuwa wakikimbia, wakipanda vilima na kubeba mizigo kabla hapajakuwa na shule ya kuwapigia filimbi. Mji huu ulio chini ya Mlima Kwaraa, kando ya ziwa lenye viboko, uko katika nchi ya Wagorowa. Wairaqw, Wadatoga, Warangi na Wambugwe ni majirani zao wa siku nyingi, na kwa wengi wao ng'ombe na jembe vilikwenda pamoja, mtoto akiingizwa kazini mapema. Mvulana alianza na ndama na mbuzi karibu na boma, akakabidhiwa ng'ombe alipoweza kwenda nao mbali na kurudi nao wote. Kuchunga ni kutembea kutwa. Ni kumkimbilia dume aliyeingia shambani kwa mtu, kurusha fimbo, kupigana mieleka na wenzake wakati mifugo inakunywa maji. Hakuna aliyeyahesabu hayo kuwa mazoezi, lakini yalikuwa na karibu kila kitu ambacho wataalamu wa afya ya vijana wanakitafuta leo: uwanja mpana, wenzake wa rika moja, na jukumu linalompa mtoto sababu ya kujiona mtu mbele ya baba yake.

Msichana alitembea vilevile, pengine zaidi: maji, kuni, kisha mtoto mgongoni. Ila matembezi yake hayakuwa na mchezo ndani yake. Tafiti za afya ya akili zimekuja kugundua tofauti ambayo wazee hawakuwa na haja ya kuipima: mwendo wa kujichezea na wa kujichagulia huambatana na nafuu ya moyo, huku mwendo wa kazi za lazima, hata ukichosha mwili kuliko mpira, hauonyeshi faida hiyohiyo. Kwa kipimo hicho, wasichana wa Babati wa vizazi vingi walikuwa miongoni mwa vijana wanaotumia miili yao kuliko wote, na miongoni mwa waliopata burudani kidogo kutokana na matumizi hayo. Pengo hilo linarudi katika kila sura ya historia hii.

Palipokuwa na burudani ya wote ni kwenye ngoma. Ngoma za Wadatoga zinajulikana kwa kuruka: vijana wa kiume huruka juu, miguu imenyooka, mbele ya wasichana wanaowatazama na kuwajibu. Jando nalo lilikuwa na upande wake wa mwili, kwani kijana alipimwa kwa kutokutikisika. Si busara kulisifu jambo hilo lote. Uvumilivu ule ulimpa kijana heshima na wenzake wa maisha, lakini pia ulimfundisha kwamba maumivu ni ya kufichwa, somo ambalo wanaume wengi wa mkoa huu wa Manyara bado wanalibeba hadi zahanati, wakilalamikia mgongo ilhali kinachowasumbua ni huzuni.

Shule za misheni na za serikali ya Waingereza zilileta kitu kipya: mwendo wa saa maalumu, kwa amri. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza elimu ijengwe juu ya afya, mazingira, maisha ya nyumbani na burudani. Darasani, burudani hiyo ilikuja katika umbo la gwaride na mpira wa miguu. Gwaride lilikusudiwa kunyoosha tabia, na kwa mkoloni tabia njema ilikuwa utii. Mpira ulikuwa jambo jingine, kwa sababu watoto walitoka nao shuleni. Matambara na karatasi zilizoviringwa na kufungwa kwa kamba ya katani zilitosha. Mchezo huo wa mitaani, chandimu, haukuhitaji mwalimu, nao ulikaa pamoja na kombolela, rede na kuruka kamba katika saa ile ya jioni kabla mama hajaita. (Baadaye mifuko ya nailoni ikawa malighafi bora ya mpira kuliko matambara, na marufuku ya mifuko hiyo, Juni 2019, ililinda mazingira na kuwaachia watoto tatizo la kiufundi ambalo hakuna wizara iliyolijadili.)

Baada ya Uhuru, serikali ndiyo iliyojitwalia mwili wa kijana. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 1963. Mwaka 1967 ulikuja na Azimio la Arusha, Elimu ya Kujitegemea, na sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa. Babati wakati huo ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Hanang ilimegwa mwaka 1969 ikiwa na Babati ndani yake, na Babati ikawa wilaya yake yenyewe mwaka 1985. Kutokana na sera hizo za baada ya Uhuru, shule ya msingi ilipata shamba, mstari wa asubuhi na mchakamchaka.

Mchakamchaka unastahili kutazamwa kwa karibu. Kengele, mara nyingi rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, iligongwa jua likiwa bado chini. Wanafunzi walijipanga, na mwimbishaji akakimbia pembeni ya mstari. Yeye alianzisha, wengine wakapokea, mguu wa kushoto ukianguka penye pigo. Nyimbo zilikuwa za chama, za Ujamaa, za kumkejeli nduli wakati wa Vita vya Kagera, na nyingine za utani ambazo mwalimu wa zamu alijifanya hazisikii. Mpangilio huo wa kuitika ulikuwa na hekima ya mapafu: anayeimba hawezi kukimbia kupita kiasi, na wakati mwimbishaji anatoa mstari wake, kundi zima linavuta pumzi. Hakuna aliyeachwa nyuma sana, maana mwendo ulikuwa wa wimbo, si wa mwenye mbio.

Kwamba watoto walirudi wamechangamka hakuna aliyetumia mizani kulithibitisha, ila sayansi ya baadaye imetoa dokezo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu wapiga makasia wa Chuo Kikuu cha Oxford ulionyesha kwamba waliofanya mazoezi kwa pamoja, kwa pigo moja, walivumilia maumivu zaidi kuliko walipofanya mazoezi yaleyale kila mtu peke yake. Maelezo yanayotolewa ni kemikali za mwili zinazotuliza maumivu na kuleta raha, endofini, ambazo zinaelekea kuongezeka watu wanapotikisika kwa mapigo mamoja. Mchakamchaka ulikuwa na hayo yote kila siku ya shule. Ulikuwa pia na fimbo: aliyechelewa alichapwa, asiye na viatu alikanyaga miiba na changarawe, na mtoto aliyekuja bila kula alikimbia bila kula. Wanaoukumbuka kwa tabasamu wamesahau nusu yake.

Wilaya ya Mbulu ya zamani, ambayo leo ni Karatu, Mbulu, Hanang na Babati, ilitoa wakati huohuo wakimbiaji ambao nchi nzima iliwajua. John Stephen Akhwari wa Mbulu aliumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 1968, akamaliza wa mwisho, na kumaliza huko kukampa sifa kuliko medali za wengine. Filbert Bayi wa Karatu aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500, dakika 3:32.16, huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974. Gidamis Shahanga wa Katesh alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978. Katika mji huohuo wa Kanada, Oktoba 2005, Fabiano Joseph, mzaliwa wa Babati, alitwaa ubingwa wa dunia wa nusu marathoni kabla hajatimiza miaka 20. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ambalo huhesabu rika la balehe kuwa kuanzia miaka 10 hadi 19, bingwa huyo alikuwa bado kijana balehe.

Sifa hizo zilikuwa na faida na hasara. Mtoto wa Babati alikua akijua kwamba mtu wa kwao anaweza kufika mbali kwa miguu yake, na matumaini ni sehemu ya afya ya moyo. Lakini mbio za ushindi huchagua wachache, kisha wengine hukaa pembeni kutazama. Mashindano ya shule, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, yalikuwa ngazi ya kuwapata hao wachache, na kwa vijana wengi ndiyo yaliyokuwa sababu pekee ya kusafiri nje ya wilaya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliyasimamisha, kwa hoja kwamba yanakula muda wa masomo, kisha yakarudishwa kabla muongo haujaisha. Kusimamishwa huko kulikuwa kosa. Vipaji vilipotea, lakini kilichopotea zaidi ni ile mechi ya majaribio ya kata, ambamo hata asiye na kipaji alipata jezi na jioni moja ya kushangiliwa.

Mtaala wa shule za msingi wa mwaka 2005 ulikuja na somo lililoitwa Haiba na Michezo. Ni mara chache nyaraka za elimu nchini zimeuweka mwili na nafsi katika kitabu kimoja waziwazi namna hiyo. Wazo lilikuwa zuri. Utekelezaji ulianguka penye mtihani: somo lisilopimwa mwishoni mwa darasa la saba halina mtetezi, na vipindi vyake viligeuka kuwa vya Hisabati na Kiingereza kila mtihani ulipokaribia.

Mji wenyewe ulikuwa unabadilika. Manyara ilimegwa kutoka Arusha mwaka 2002 na Babati ikawa makao makuu ya mkoa. Lami ilifika kutoka Arusha na Singida, kisha barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ikazinduliwa rasmi Aprili 2018. Bodaboda zikajaa. Kijana aliyekuwa akienda mnadani kwa miguu sasa anabebwa, na mwingine wa umri wake ndiye anayembeba, akiwa amekaa kitini tangu alfajiri. Simu ikachukua saa ya chandimu. Babati haiko peke yake: makadirio ya Shirika la Afya Duniani, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii dakika 60 za mazoezi kwa siku, wasichana wakiwa nyuma ya wavulana kwa asilimia 85 dhidi ya 78. Shirika hilohilo linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na sonona na wasiwasi ni miongoni mwa yanayotangulia. Mazoezi hayatibu kila sonona, na kijana mwenye mawazo ya kujidhuru anahitaji mhudumu wa afya, si jezi. Hata hivyo ushahidi kwamba mwendo wa kila siku hupunguza dalili, huleta usingizi mzuri na huinua hali ya kujiamini ni mkubwa, hasa mwendo huo ukiwa wa kucheza na wenzake.

Wakubwa walikumbukwa kwanza. Kuanzia mwishoni mwa 2016 serikali ilihimiza siku ya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi ili kupambana na magonjwa yasiyo ya kuambukiza, na klabu za jogging zikaenea mijini: fulana za rangi moja, wimbo wa kuitika, mstari barabarani. Ni mchakamchaka uliorudi ukiwa na ada ya uanachama, na safari hii wengi wa waliomo ni watu wazima.

Tarehe 14 Oktoba 2023 kilele cha mbio za Mwenge wa Uhuru kilifanyika Babati, katika Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa mgeni rasmi. Sherehe za namna hiyo hupambwa na halaiki, nayo huwaweka vijana mazoezini kwa wiki nyingi, wavulana na wasichana katika mistari ileile, kabla ya kuonekana kwa dakika chache. Mwaka huohuo sera ya elimu ilihuishwa, na mtaala mpya wa shule za msingi ukaja na somo la Sanaa na Michezo. Uwanja wa kulifundishia ni suala jingine. Katika miji mingi nchini wanafunzi wameongezeka tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, na madarasa mapya yakajengwa pale palipokuwa na nafasi, yaani kwenye kiwanja cha mpira wa pete.